Daftari la Madeni ni Amana: Sera ya Faragha na Faida Zake kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Karagwe na Kyerwa

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu hata kabla hajapewa Utume, na ziwafikie Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, ukiingia katika duka la rejareja Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, aghalabu utakuta juu ya meza, kando ya mizani, daftari lenye jalada lililochakaa. Ndani yake mna majina ya wateja, vitongoji wanavyoishi, namba zao za simu, kilo za sukari na lita za mafuta walizochukua kwa mkopo, na siku waliyoahidi kulipa. Mteja anayengoja chenji hulifunua akalisoma. Jirani aliyekuja kupiga soga huuliza, "Kumbe na fulani anadaiwa?", na muuzaji hujibu kwa kicheko.

Karatasi ya daftari lile ni mali ya mwenye duka, hilo halina ubishi. Lakini habari zilizoandikwa ndani yake ni za nani? Je, mwenye duka ana ruhusa ya kuzitoa kwa amtakaye? Na je, akiweka utaratibu ulioandikwa wa namna ya kuzilinda, atapata faida gani katika dini yake na katika biashara yake? Hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza, Inshaallah.

Nini maana ya sera ya faragha

Faragha ni hali ya mtu kuwa na mambo yake yasiyoingiliwa na wengine bila ya idhini yake. Sera ya faragha ni maelezo mafupi ambayo mwenye biashara huyatoa kwa wateja wake akiwajulisha mambo matano: habari zipi anazichukua kutoka kwao, anazichukua kwa ajili ya nini, nani ataziona, zitakaa kwake kwa muda gani, na mteja ana haki gani juu yake.

Wengi wetu hudhani kwamba jambo hili ni la mabenki na makampuni ya simu peke yake. Dhana hiyo si sahihi. Benki inajua fedha za mtu, lakini mwenye duka wa kijijini anajua zaidi ya hapo. Anajua nani amepunguza kununua nyama, nani ameanza kununua dawa kila mwezi, nani ametumiwa fedha na mtoto aliyeko Mwanza, na nani hana hata ya chumvi. Wahenga walisema kwamba aijuaye siri ya mtungi ni kata. Mwenye duka ndiye kata ya kijiji.

Msingi wa jambo hili katika Sharia

Kwanza, Qur'ani Tukufu imeweka uzio kuzunguka mambo ya mtu. Katika Suratun-Nur, aya ya 27 na 28, Waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kutoa salamu, na wakiambiwa warudi, warudi. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Na Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, hata kama jambo hilo analo kweli. Hivyo basi, mwenye duka anayesema "mimi sikumsingizia, kweli anadaiwa" hajatoka katika kosa. Kwa kauli hiyo amethibitisha kwamba amesengenya.

Pili, habari aliyopewa mtu kwa kuaminiwa ni amana. Jabir bin Abdillah (R.A.) amepokea, kama ilivyo kwa Abu Dawud na At-Tirmidhi, kwamba mtu akisimulia jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, jambo hilo limekuwa amana kwa aliyesimuliwa. Tazama ndugu msomaji: msemaji hakutamka neno la kuomba siri. Kule kugeuka kwake tu kumetosha kuwa dalili. Sasa mama anayesubiri wateja wengine waondoke dukani ndipo aseme kwa sauti ya chini, "Nikopeshe unga mpaka Ijumaa", je, hajageuka?

Masahaba (R.A.) waliifahamu amana hiyo. Anas bin Malik (R.A.) alipokuwa mtoto alitumwa na Mtume (S.A.W.) kwa haja fulani, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake alipomuuliza, alimjibu kuwa ni siri ya Mtume, na mama yake akamwusia asimwambie mtu yeyote. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim. Na Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameweka sehemu maalumu juu ya kuhifadhi siri katika kitabu chake Adabud-Dunya wad-Din.

Tatu, mafaqihi wameeleza hukumu za wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aitunze. Mwekewa amana halipi kilichopotea ila akizembea au akivuka mipaka ya idhini aliyopewa. Tena anatakiwa aihifadhi mahali panapolingana na kitu chenyewe: dhahabu haihifadhiwi zizini, wala ng'ombe hafungiwi sandukuni. Hatusemi kwamba habari ya mtu ni mali kwa kila hali. Tunachosema ni kwamba sababu ya hukumu ipo: mtu amekabidhi kitu chenye thamani kwake, na kikivuja anadhurika. Kwa mantiki hiyo, mahali panapolingana na daftari la madeni ni droo yenye kufuli, na mahali panapolingana na simu ya biashara ni namba ya siri ambayo muuzaji hamgawii kila apitaye.

Nne, Suratul-Baqara imeyapanga mambo haya kwa mfuatano wa ajabu. Aya ya 280 inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe, na inakataza mwandishi na shahidi wasidhurike. Kisha aya ya 283 inamwamrisha aliyeaminiwa aitekeleze amana yake. Huruma, kisha maandishi, kisha amana. Sisi tumeishika ile ya katikati tukaiacha ya kwanza na ya mwisho.

Uaminifu wa wafanyabiashara wa kale Karagwe

Katika nchi hii biashara ya Waislamu ilitangulia kabla ya utawala wa Wajerumani. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika himaya ya Karagwe. Speke na Grant walipokuja kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, walizikuta habari za wafanyabiashara hao zimekwisha zoeleka. Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Kafuro Ahmed bin Ibrahim, ambaye historia inamtaja kuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kufika Buganda, kwa Kabaka Suna wa Pili, mwaka 1844.

Biashara ile iliendeshwa kwa kuaminiana. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Unguja, ukaandikiwa hati za madeni, ukasafirishwa kwa njia ya Tabora kwa miezi mingi mpaka Karagwe, nguo na shanga zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Aliyeko Unguja hakuwa na namna ya kumwona mdeni wake. Kilichobaki kati yao kilikuwa ni hati na jina. Jina la mtu likiharibika, safari inayofuata hapati mtaji.

Hali za zama zimebadilika, lakini kanuni hiyo haikubadilika. Jina la mtu ni sehemu ya mtaji wake, na anayelichafua jina la mdeni wake amemnyang'anya chombo cha kumlipia deni.

Daftari na butura

Tuje sasa kwenye jambo linaloziumiza nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa. Uchumi wa wilaya hizi mbili, zilizokuwa wilaya moja mpaka Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012, unasimama juu ya kahawa na migomba. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, lakini mahitaji ya nyumba hayangoji msimu. Mwezi Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari yanatakiwa, na kahawa ingali mbichi juu ya mti. Hapo ndipo inapoingia biashara tunayoiita butura: mwenye fedha humpa mkulima kiasi kidogo, na kwa fedha hiyo anainunua kahawa ambayo haijaiva. Msimu ukifika, mnunuzi huvuna thamani iliyo kubwa kuliko alichotoa, na mkulima huvuna kilio. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, na ushirika umeilalamikia kwa miaka mingi.

Hukumu yake kisharia iko wazi. Ibn Umar (R.A.) amepokea, katika hadithi waliyoafikiana Al-Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mpaka kudhihiri kufaa kwake. Na katika hadithi ya Anas (R.A.) imeulizwa: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda, mtu ataihalalisha vipi mali ya ndugu yake? Bai ya salam imeruhusiwa kwa masharti yake: kipimo kinachojulikana, muda unaojulikana, na bei kulipwa palepale, bila kufungamanishwa na miti maalumu ya shamba fulani. Butura haina sifa hizo.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: mnunuzi wa butura anamjuaje mkulima mwenye dhiki? Hawezi kupita shamba kwa shamba akiuliza. Anahitaji mtu wa kumwonyesha njia. Chukua mfano wa mkulima mwenye deni la shilingi elfu themanini katika daftari la duka, na ameomba kuongezewa muda mara mbili. Mnunuzi anakaa pale dukani, anakunywa soda, anafunua daftari, analiona jina. Jioni yake yuko uani kwa mkulima yule na noti mkononi, na maneno ya upole. Mwenye duka hakupokea hongo. Hakusema neno. Aliacha daftari wazi tu.

Katika mfano huu, mwenye duka amemsaidia mtu kufanya bai iliyokatazwa, na amemdhuru mteja wake mwenyewe. Wala faida hakuipata: msimu ukija, kahawa ya mkulima itakwenda kwa mnunuzi, na deni la duka litabaki palepale. Kanuni ya kisharia inayokataza kudhuru na kudhuriana inamhusu huyu kama inavyomhusu mwenye kupiga kwa fimbo. Ndiyo maana tunasema kwamba kufunga daftari ni sehemu ya vita dhidi ya butura, na ni vita ambavyo kila mwenye duka anaweza kuvipigana bila ya kutoka kitini.

Dawa, vitambulisho na namba za simu

Daftari la madeni si amana pekee. Zipo nyingine tatu zilizo nzito zaidi katika wilaya zetu.

Ya kwanza ni duka la dawa muhimu. Mkoa wa Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983, na wazee wetu wanakumbuka namna ambavyo uvumi wa ugonjwa uliweza kuivunja ndoa na kumtenga yatima. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imelinda siri ya mgonjwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, katika kikao chake cha nane nchini Brunei mwaka 1993, lilitoa azimio namba 79 kuhusu siri katika kazi za tiba, likieleza kuwa siri ya mgonjwa ni amana na kuitoa ni hiyana, isipokuwa pale ambapo madhara ya kuificha ni makubwa kuliko ya kuitoa. Muuza dawa anayeitaja dawa ya mteja kwa sauti kubwa mbele ya foleni amekwisha itoa siri hiyo.

Ya pili ni kitambulisho. Wilaya zetu zinapakana na Uganda na Rwanda, na suala la uraia lina uzito wake. Waliokuwepo wakati wa Operesheni Kimbunga mwaka 2013 wanajua karatasi ya mtu ina maana gani mpakani. Nakala ya kitambulisho cha taifa aliyoiacha mtu kwa mwenye mashine ya kutoa nakala, au kwa msajili wa laini za simu, ikiangukia mkono mbaya inaweza kusajiliwa laini au kuchukuliwa mkopo kwa jina lisilo lake. Nakala iliyoharibika haistahili kufungiwa maandazi.

Ya tatu ni namba ya simu. Wakala wa fedha kwa njia ya simu huandika jina, namba na kiasi katika daftari la miamala. Kijana asiye na haya hulichungulia, akaipata namba ya binti au ya mke wa mtu, na usiku simu zinaanza. Kulinda heshima ni miongoni mwa makusudio ya Sharia, na hapa heshima inavunjwa kwa kalamu iliyoachwa mezani.

Hali hii imefika mbali zaidi katika mikopo ya mitandaoni. Yapo madai mengi ya watu kutangazwa kwa jamaa na marafiki zao kwa sababu ya deni dogo, baada ya programu ya mkopo kuchukua namba zote zilizomo katika simu zao. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Tunalaani jambo hilo likifanywa na mtu aliyeko mbali. Tusilifanye sisi kwa ulimi.

Sheria ya nchi inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Kutokana na msingi huo, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Sheria hii inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe na Tume, amjulishe mhusika sababu ya kuchukua taarifa zake, asizitumie kwa jambo jingine, azilinde, na ampe mhusika nafasi ya kuziona na kuzisahihisha. Habari za afya zimewekwa katika daraja la taarifa nyeti, zenye ulinzi mkubwa zaidi. Mtu binafsi anayezitoa taarifa kinyume na kusudio lake anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 20, au kufungwa, au vyote viwili. Mfanyabiashara asijidanganye kwamba udogo wa duka lake unamtoa katika sheria. Na aulize Tume yenyewe kuhusu usajili, wala asitegemee maneno ya kijiweni.

Faida za kuwa na sera iliyoandikwa

Huenda mtu akasema: "Mimi ni Muislamu, nimekwisha jua kwamba siri ni amana. Maandishi ya nini?" Jawabu ni kwamba Mwenyezi Mungu (S.W.) alijua kuwa Masahaba ni waaminifu, na bado akawaamrisha waandike madeni. Maandishi yana faida zake, na tunazitaja baadhi:

1. Sera humfunga mwenye duka kwa ahadi yake. Suratul-Maida inaanza kwa kuamrisha kutekeleza mikataba, na katika hadithi aliyoipokea At-Tirmidhi, Waislamu wanatakiwa kusimama juu ya masharti waliyowekeana. Adabu njema ikiandikwa na kukubaliwa na pande mbili huwa sharti.

2. Sera humfundisha muuzaji. Mwenye duka akienda Bukoba kuchukua bidhaa, duka hubaki na kijana. Kijana hajui lipi la kusema na lipi la kunyamaza mpaka aambiwe. Akiwa na maandishi ukutani, hata akibanwa na mtu mzima anayemheshimu, atasema: "Samahani mzee, utaratibu wa duka hauniruhusu."

3. Sera hurejesha madeni. Kuna msemo, kukopa arusi, kulipa matanga. Mdaiwa aliyefedheheshwa hupita njia ya nyuma ili asionekane, na fedha akiipata huipeleka kununua duka jingine. Aliyesitiriwa hupita mbele ya duka, na siku akipata huingia.

4. Sera huvuta wateja. Watu huchagua mahali pa kununua dawa na pa kutuma fedha kwa kuangalia mdomo wa mwenye duka kuliko bei yake.

5. Sera huwasaidia warithi. Mwenye duka akifariki, madeni yaliyomo daftarini ni sehemu ya tirka. Warithi wakikuta utaratibu ulioandikwa, watajua namna ya kudai bila ya kulipeleka daftari msibani likasomwa mbele ya watu.

6. Sera hupunguza mzigo. Anayejiuliza "naichukua habari hii kwa ajili ya nini?" atagundua kuwa nyingi hazihitaji. Habari usiyoichukua haiwezi kukuponyoka.

Lini inajuzu kutoa siri

Amana ina mipaka, na mwanachuoni asiyeitaja mipaka yake atawapotosha watu. Imamu An-Nawawi katika Riyadhus-Salihin ameeleza mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa analolichukia. Yanayotuhusu hapa ni matatu.

La kwanza ni kushtaki dhulma. Mdaiwa mwenye uwezo anayechelewesha makusudi ni dhalimu kwa nassi ya hadithi, na mwenye duka anaweza kumpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, baraza la kata au mahakama, akatoa ukurasa wake kuwa ushahidi. Aya ya 283 ya Suratul-Baqara imekataza kuficha ushahidi.

La pili ni nasaha kwa mwenye kuuliza kwa haja. Fatima bint Qays (R.A.) alipotaka ushauri kuhusu wachumba wake, Mtume (S.A.W.) alimweleza kuhusu ufukara wa mmoja na ukali wa mwingine, kama ilivyopokea Muslim. Anayeombwa ushauri wa kweli aseme kwa kiasi cha haja, kwa aliyeuliza peke yake.

La tatu ni kuzuia madhara makubwa au kutii amri halali ya mamlaka yenye haki ya kuuliza.

Ama desturi ya kubandika ukutani majina ya wadaiwa, wapo wanaoitetea kwa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na An-Nasai, isemayo kuwa ucheleweshaji wa mwenye uwezo unahalalisha heshima yake na adhabu yake. Sufyan, kama alivyonukuliwa na Al-Bukhari, amefasiri kuhalalika kwa heshima yake kuwa ni mdai kumwambia kwamba amemchelewesha. Hiyo ni lawama na mashtaka, si tangazo la barabarani. Tena hadithi inamhusu mwenye uwezo. Mwenye dhiki amelindwa na aya ya 280, na karatasi ya ukutani haitofautishi kati ya hao wawili.

Namna ya kuiandika

Sera haihitaji mwanasheria wala lugha ngumu. Mfano wake ni huu:

"Duka hili linaandika jina, kitongoji, namba ya simu na deni la mteja kwa ajili ya kudai na kulipwa tu. Daftari linashikwa na mwenye duka na muuzaji wake, na hufungiwa. Hatumwonyeshi mtu mwingine, awe jirani, ndugu au mnunuzi wa mazao, ila kwa idhini ya mteja au kwa amri ya sheria. Mteja anaweza kuuona ukurasa wake na kusahihishiwa. Deni likilipwa, hufutwa mbele ya mteja. Ukiona tumevunja ahadi hii, mwambie mwenye duka."

Ibandikwe mahali panapoonekana, na asiyejua kusoma asomewe, kwa Kiswahili au kwa Kinyambo. Daftari liwe na ukurasa mmoja kwa kila mteja, ili anayeonyeshwa deni lake asione la mwenzake. Kumbukumbu za mauzo zinazotakiwa kwa ajili ya kodi zitunzwe kabatini kwa muda uliowekwa, na karatasi nyingine zilizokwisha kazi zichomwe.

Na tahadhari moja ni muhimu kuliko zote: usiandike usiloweza kulitekeleza. Anayenakili sera nzuri ya mwingine akaibandika, kisha daftari likabaki mezani, ameingia katika lawama ya Suratus-Saff, aya ya 2 na 3, ya kusema asiyoyatenda. Afadhali mistari miwili ya kweli kuliko ukurasa wa uongo.

Hitimisho

Ndugu Maimamu na wanafunzi, jambo hili linatuhusu kabla ya wenye maduka. Sisi tunashika orodha za wanaopokea zaka, majina ya wanaochangiwa matibabu, na mashauri ya ndoa zenye matatizo. Orodha ya mafukara ikisomwa kwa kipaza sauti, ile aya ya 271 ya Suratul-Baqara, inayosifu kuwapa mafukara kwa siri, tumeifanyia nini? Tuanze na droo za misikiti yetu, kisha tuwausie wafanyabiashara katika hotuba na darsa, hasa mwezi Januari, wakati dhiki inapobisha hodi na wanunuzi wa butura wanapoanza kuulizia majina.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Siku hiyo yako madaftari mengine yatakayofunguliwa, na kila mmoja wetu atatamani ukurasa wake usitiriwe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zetu na ahadi zetu, na azibariki biashara za ndugu zetu kwa halali.

Wallahu A'lam, wabillahit-tawfiq.